Picha Zilizolazwa Majini: Uchambuzi wa Kisa cha Utafiti Huru wa Kisanaa

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mpiga picha aliyeamua kufanya utafiti wa kisanaa kwa fedha zake mwenyewe, bila chuo, bila msimamizi na bila ruzuku. Jina lake, mto alioufanyia kazi, nchi na mwaka vimeondolewa. Vipimo, mpangilio wa kazi na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyo kwenye daftari lake.

Alikuwa amefanya kazi za kuajiriwa kwa miaka: sherehe, matangazo, ripoti za mashirika. Ufundi alikuwa nao. Alichokosa ni mazoea ya kuanza na swali lisilo na mteja, na hili ni pengo linalodharauliwa sana. Kazi ya mteja huja na mipaka yake: siku ya kukabidhi, idadi ya picha, mtu wa kusema inatosha. Utafiti huru hauji na hata kimoja kati ya hivyo. Mtu asipojiwekea mwenyewe, atapiga picha nzuri mwaka mzima na mwishoni abaki na lundo lisilojibu kitu.

Wazo lake lilikuwa zuri, na lilibaki zuri hata baada ya mambo kuharibika. Alikusudia kupiga picha za mto mmoja katika sehemu mbalimbali, tangu unapotoka msituni hadi unapopita mji wenye kiwanda, kisha kila picha aioshe kwa maji ya palepale ilipopigwa. Mto ungeshiriki kutengeneza picha yake. Kwa hiyo alichagua sayanotaipu, mbinu iliyobuniwa na mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, mwaka 1842. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins alianza kuitumia kuhifadhi sura za mwani. Sayanotaipu haihitaji dawa ya kusafishia filamu wala ya kuimarisha picha. Inataka mwanga na maji tu. Chumvi za chuma zilizopakwa kwenye karatasi zikipigwa na miale ya urujuanimno hugeuka kuwa buluu ya Prussia, isiyoyeyuka majini. Sehemu zilizokingwa na negativu (plastiki angavu yenye picha iliyopinduliwa, weusi ukiwa weupe) hubaki na chumvi inayoyeyuka, na maji huiondoa.

Mbinu hii ina udhaifu mmoja mkubwa: buluu ya Prussia huvunjwa na alkali, iliyo kinyume cha asidi. Picha ikikaa kwenye maji yenye alkali hupauka, na chuma kilichobaki huacha rangi ya manjano iliyoelekea kutu. Mradi wote ulijengwa juu ya udhaifu huo kabla mwenyewe hajajua umeenea kiasi gani.

Swali la kwanza

Ukurasa wa kwanza wa daftari una swali hili: "Je, picha zinaweza kuonyesha jinsi kiwanda kinavyouharibu mto?"

Lina kasoro mbili. Kwanza, jibu limo ndani yake. Anayeuliza "jinsi kinavyouharibu" ameshakubali kwamba kinauharibu. Pili, na hili ni zito zaidi, hapakuwa na picha ambayo ingeweza kutoka majini ikamwambia hapana. Ikipauka, mto umechafuliwa. Isipopauka, haikukaa majini vya kutosha. Swali la aina hiyo ni tangazo lililovaa alama ya kuuliza.

Mwaka 1993 Christopher Frayling, msomi wa sanaa wa Uingereza, alitenganisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kwa ajili ya sanaa na utafiti kupitia sanaa. Mradi huu ulitaka kuwa wa aina ya mwisho, ambamo kutengeneza picha ndiyo njia ya kujua. Lakini kutengeneza hakuwi njia ya kujua mpaka kuwe na nafasi ya kumkatalia mtengenezaji. Nafasi hiyo hakuiacha, na ndiyo sababu miezi yake ya kwanza ilienda kama ilivyoenda.

Msimu wa kiangazi

Alichagua vituo vitano. K1 kiko msituni karibu na chanzo. K2 kiko chini ya vilima. K3 kiko uwandani, kabla ya mji. K4 kiko mita chache baada ya mfereji wa kiwanda kuingia mtoni, na K5 kiko mbali kidogo chini yake.

Kazi ya kamera aliifanya kwa nidhamu inayostahili kuigwa. Kila kituo alikipigilia kigingi, akapima umbali wa kigingi kutoka kwenye vitu viwili visivyohama (mwamba na nguzo, kwa mfano), akaandika urefu wa kamera kutoka ardhini, lenzi iliyotumika na mahali ambapo mstari wa upeo unakatiza fremu. Mark Klett na wenzake walioanza mwaka 1977 kurudia picha za mandhari ya Marekani zilizopigwa karne ya 19 walithibitisha kwamba mahali pa kamera panaweza kupatikana tena kwa usahihi mkubwa, ilimradi kuna kitu cha kupimia. Yeye alijiachia vipimo hivyo mapema, na msimu uliofuata, kigingi kimoja kiliposombwa na maji, alikirudisha mahali pake kwa utepe wa kupimia.

Faili alizigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, akazipindua toni, akazichapa kwa printa ya wino kwenye plastiki angavu kupata negativu za sentimita 14 kwa 20, ukubwa uleule wa picha, kwa sababu sayanotaipu huchapwa kwa kugusanisha negativu na karatasi.

Kemikali zilikuwa za fomula ya kawaida. Mchanganyiko wa kwanza ni gramu 25 za feriki amoniamu sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji. Wa pili ni gramu 10 za potasiamu ferisayanidi katika mililita 100 za maji. Kila mmoja hukaa kwenye chupa yake ya rangi ya kahawia na hudumu kwa miezi, ingawa ule wa kwanza huota ukungu na huhitaji kuchujwa. Wakati wa kupaka huchanganywa kwa kiasi sawa na kutumika siku hiyohiyo. Kwa karatasi ya ukubwa wa A4, mililita 3 kwa brashi pana zinatosha. Kupima unga kunataka glavu na barakoa, na potasiamu ferisayanidi haikutanishwi na asidi kali wala haichomwi, maana inaweza kutoa gesi ya sumu.

Alipaka usiku chini ya taa hafifu, akakausha gizani, akaanika kwa jua ndani ya fremu ya kioo. Kila picha aliiosha kwa maji ya kituo chake na kuilaza usiku kucha kwenye beseni lenye lita mbili za maji hayohayo.

Matokeo yalimfurahisha kupita kiasi. K1 na K2 zilitoka na buluu nzito. K3 ilififia kidogo. K4 na K5 zilipauka, mawingu yakawa na manjano, vivuli vikawa kama vitambaa vilivyofuliwa mara nyingi. Wiki hiyohiyo aliandika rasimu ya maelezo ya maonyesho, akikitaja kiwanda.

Swali lililousimamisha mradi

Kabla ya kuituma rasimu aliwaonyesha picha watu watatu: mpiga picha mwenzake, mwalimu wa kemia na mkazi wa karibu na K3. Aliwapa muda wa kuzitazama kimya kabla ya kuwaeleza chochote. Utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu maelezo yakitangulia watu huona maelezo.

Mwalimu wa kemia aliuliza jambo moja: picha hiyohiyo ya K4 ingeoshwa kwa maji yaliyokenekwa, ingetoka vipi?

Hakuwa nayo. Alipoanza kuorodhesha kwa nini hakuwa nayo, orodha ikazidi kurefuka.

Karatasi ilikuwa imebadilika. Pakiti ya kwanza iliisha baada ya K3, akanunua nyingine inayofanana nayo kwa sura. Karatasi nyingi za sanaa huwekewa kalsiamu kaboneti ili zisiliwe na asidi kwa miaka. Chokaa hiyo ni alkali, nayo huivunja buluu hata pasipo mto. Pakiti ya pili ilikuwa ya aina hiyo. K4 na K5 zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi ambayo ingepauka popote.

Jua nalo lilikuwa tofauti. Dakika 10 za saa sita mchana hazilingani na dakika 10 za saa kumi jioni, wala siku kavu na siku yenye utando wa mawingu. Alikuwa amehesabu dakika akidhani anapima mwanga.

Halafu kuna jambo ambalo mpiga picha mwenzake ndiye aliyeliona, na ambalo mwanakemia asingeliona: picha zenyewe hazikufanana. K1 ni msitu, karibu yote kivuli. K5 ni uwanda, nusu nzima ni anga. Picha yenye anga pana ina rangi nyepesi kwa asili yake. Hata zote zikioshwa beseni moja, K5 itaonekana imepauka kando ya K1. Mtazamaji, na mwenyewe kwanza, alikuwa anasoma hali ya hewa na mandhari akidhani anasoma maji.

Jaribio la karatasi moja

Hapa ndipo mradi ulipogeuka kuwa utafiti. Alinunua kwa mkupuo mmoja karatasi isiyowekewa chokaa, ya kutosha mradi wote. Aliipima kwanza kwa kupaka kipande na kukiacha gizani usiku mzima. Asubuhi kilikuwa bado na manjano ya kijani, bila kugeuka buluu, dalili kwamba karatasi haikuwa na kitu kinachochokoza kemikali kabla ya mwanga. Jua aliliacha, akatengeneza kisanduku chenye taa za urujuanimno ambamo umbali kati ya taa na kioo haubadiliki.

Kisha akaweka mandhari kando kabisa. Alipaka karatasi moja kubwa, akaiangaza kupitia ukanda wa vidato, yaani plastiki yenye mistari 21 inayozidi giza kidogo kidogo, kila kidato kikikata mwanga kwa nusu stopu (stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu). Ukanda huo ulirudiwa mara sita upande kwa upande, karatasi nzima ikaangazwa kwa wakati mmoja, kisha akaikata vipande sita. Vitano vilioshwa kwa maji ya vituo vitano, cha sita kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri za gari (si ile asidi ya betri, inayouzwa kando yake). Kila kipande kilipewa lita moja, dakika 10 za kuoshwa na saa 12 za kulala majini gizani. Maji yote yaliachwa kwanza chumba kimoja hadi joto lake lilingane.

Kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa kimoja, tofauti yoyote ingekuwa ya maji. Na kwa vidato hapakuwa na haja ya kubishana juu ya macho. Mtu anahesabu tu kidato cha mwisho kinachoonekana; namba ikiwa ndogo, picha imepauka zaidi. Ingizo la siku hiyo linasomeka hivi:

"Maji safi: cha 10. K1: cha 10, lakini nyeupe imeingia kijivu. K2: cha 10. K3: cha 8, kingo manjano. K4: cha 8. K5: cha 8. pH ya K3, K4, K5 kwa karatasi ya kupimia: karibu 8 zote."

pH ni kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, na zaidi ya hapo ni alkali. K3 ilikuwa imepauka sawasawa na K4, na K3 iko juu ya kiwanda.

Sababu ilipatikana ardhini. Kati ya K2 na K3 mto unapita kwenye mwamba wa chokaa, na wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, chokaa hujilimbikiza humo. Ni maji magumu yenye alkali ya kiasi, yametoka hivyo mwambani. Kiwanda huenda kilikuwa kinachafua mto, huenda hakikuwa. Sayanotaipu haikuwa na la kusema kuhusu hilo.

Kilichokuwa tayari daftarini

Sehemu hii ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa anayeanza mradi wake.

Daftari lilikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto aliandika vipimo na kazi, upande wa kulia "hadithi na hisia". Katika juma la kwanza kabisa, upande wa kulia, kuna maneno ya wanawake wanaofulia karibu na K3: wakati wa kiangazi sabuni haitoi povu hapo, ndiyo maana wanaokuwa na nguo nyingi hupanda hadi K2.

Sabuni kukataa povu ni alama ya wazi ya maji magumu. Taarifa ambayo ingeokoa kemikali, karatasi na wiki nyingi ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa tarehe, ila upande usiosomwa kama ushahidi. Mpiga picha aliwasikiliza wafuaji kwa heshima, akawaweka kwenye fungu la mandhari. Hakuwauliza hata swali moja la ziada: ni tangu lini, ni mpaka wapi mtoni, na msimu wa mvua huwaje?

Baadaye aliubadilisha mpangilio wa daftari. Kushoto kikawa kilichotokea, likiwemo lililosemwa na mtu, jinsi alivyolisema. Kulia ikawa kile anachodhani yeye. Maneno ya wafuaji yakahamia kushoto, rasimu ya maelezo ya maonyesho ikahamia kulia. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linaamua nani ni shahidi na nani ni mapambo.

Maamuzi

La kwanza lilikuwa kuacha shutuma. Angeweza kuendelea nayo; picha za mwanzo zilikuwa na nguvu, na ukumbi mmoja mdogo ulishaonyesha hamu. Aliacha kwa sababu kuu mbili. Madai yalikuwa si kweli kwa ushahidi alionao. Na yangewadhuru wakazi wenye malalamiko ya kweli, kwa kuwa mtu wa kwanza mwenye ujuzi wa kemia angeyabomoa hadharani na malalamiko yao yakabomoka pamoja nayo. Anayetaka kujua kiwanda kinamwaga nini anahitaji sampuli zilizochukuliwa kwa utaratibu na maabara ya maji.

La pili ni swali jipya: "Picha ya mto inabadilikaje ikikaa ndani ya maji ya mto huo, na ni kiasi gani cha badiliko hilo kinaweza kusomwa na mtazamaji?" Hili linaweza kujibiwa "haibadiliki" au "hakisomeki", na jibu hilo likawa na thamani. Pia linabaki ndani ya uwezo wa mbinu.

La tatu lilihusu umbo. Kila kituo kingeonyeshwa kwa jozi: picha mbili kutoka negativu moja na karatasi moja, zilizoangazwa pamoja, moja ikaoshwa kwa maji yaliyokenekwa na nyingine kwa maji ya kituo. Ukanda wa vidato ungeachwa pembeni mwa kila picha, uonekane. Bernd na Hilla Becher, wapiga picha wa Ujerumani walioanza mwaka 1959 kupiga picha za majengo ya viwanda chini ya anga la mawingu na kutoka usawa uleule, walionyesha kwamba ukiondoa tofauti zisizohusika, tofauti ndogo inayobaki huanza kuonekana. Jozi zilifanya kazi hiyo.

La nne lilikuja mapema zaidi, na lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mpango wa awali ulikuwa kuosha picha ndani ya mto wenyewe, mpiga picha akiwa amesimama majini, jambo ambalo lingetoa video ya kuvutia. Aliliacha kwa sababu maji ya kwanza ya kuoshea hubeba chumvi zisizogeuka. Kuziachia mtoni kwa ajili ya mradi unaouhusu mto huohuo hakukuwa na utetezi. Maji yalichotwa kwa madumu, kazi ikafanyika ndani, na mabaki yakakusanywa kwenye ndoo yenye kifuniko ili yapelekwe penye utaratibu wa taka za kemikali.

Watu waliomo kwenye picha walishughulikiwa kwa njia rahisi: aliyetambulika sura alionyeshwa picha iliyochapwa, si skrini ya kamera, akaelezwa itaonekana wapi, na akapewa muda wa kukataa baadaye. Wawili walikataa. Negativu hizo ziliondolewa na kituo kikapigwa upya.

Msimu wa mvua

Mto ulipofurika, chokaa ilizimuliwa. Vipande vya K3 hadi K5 vilipanda hadi kidato cha 9, na macho peke yake yalikuwa yanaona shida kutofautisha jozi. Badala yake yakaja mashapo. Chembe za udongo ziliingia kwenye nyuzi za karatasi na hazikutoka kwa suuza; picha ya K5 ilipata ngozi ya kahawia ambayo ukiitazama kwa pembe inaonekana kama vumbi la dhahabu. Chembe nyingine zilidondoka zikikauka, na picha mbili zililazimika kuchapwa tena kwa sababu alizikung'uta.

Lakini kilichofungua mradi ni K1, kituo alichokuwa akikiita "safi". Ule weupe ulioingia kijivu, ulioandikwa kiangazi kwa nusu sentensi, ulirudi kwa nguvu zaidi. Maji ya msitu yalikuwa na rangi ya chai kwa majani yaliyooza, na majani yana tanini. Tanini hushikamana na chuma na kutoa rangi nyeusi. Wachapaji wa sayanotaipu hulitumia jambo hilo kwa makusudi, kwa kulowesha picha kwenye chai ili buluu iwe nyeusi. Picha ya K1 ilikuwa inapakwa rangi na msitu uliomo ndani yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameitazama K1 kama kipimo cha usafi, akakosa kuiona.

Matokeo

Mradi ulizaa jozi 10, vituo vitano kwa misimu miwili, maelezo mafupi yenye jedwali moja la vidato, na sanduku la vipande vyote vya majaribio vilivyowekewa majina kwa mtindo mmoja: kituo, msimu, namba ya karatasi, aina ya maji. Faili zilihifadhiwa nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba. Ulionyeshwa kwenye ukumbi mdogo wenye mwanga hafifu, kwa kuwa sayanotaipu hufifia kwenye mwanga mkali, ingawa hurudisha sehemu ya rangi yake ikikaa gizani. Fremu zilitumia kadi isiyo na chokaa, kwa sababu ileile iliyoharibu pakiti ya pili.

Wafuaji wa K3 walialikwa siku moja kabla ya ufunguzi. Mmoja wao aliisoma jozi ya kiangazi haraka kuliko mtu yeyote ukumbini: akanyoosha kidole kwenye kingo za manjano, akasema ndiyo hapo sabuni inapokataa.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kuiangaza karatasi moja na kuikata. Ni njia ya bei nafuu, haihitaji maabara, na inaondoa hoja nne kwa mkato mmoja wa wembe. Mtu anayefanya utafiti wa kisanaa kwa kitu chochote kinachobadilisha picha, kama jasho, moshi, chumvi au jua la miezi, anaweza kuitumia bila kuibadili. Ukanda wa vidato ulisaidia pia kwa namna isiyotarajiwa: ukiachwa kwenye picha, unamfundisha mtazamaji kusoma bila maandishi ukutani.

Kikundi cha watu watatu kilifaa kwa sababu hawakufanana. Mwalimu wa kemia peke yake asingeligundua suala la anga, na mpiga picha peke yake asingeligundua suala la chokaa. Kosa lilikuwa kuwaita kwa kuchelewa, baada ya miezi ya kazi. Wangeitwa zilipokuwepo picha tano, hasara ingekuwa karatasi tano.

Vilivyoshindikana havikurekebishwa vyote. Maji yalichotwa mara moja kwa kila kituo kwa kila msimu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kama K4 ya Jumatatu ni sawa na K4 ya Ijumaa. Kiwanda hakimwagi kwa kasi moja wiki nzima. Karatasi za kupimia pH hazina makali ya kutenganisha 7.8 na 8.2, na vipimo vya ugumu wa maji alivinunua mwishoni, wakati kiangazi kimeshapita. Kwa sababu hiyo maelezo kuhusu mwamba wa chokaa yanategemea ramani ya miamba, vidato na maneno ya wafuaji. Ni maelezo yenye nguvu, lakini kipimo cha moja kwa moja cha kiangazi hakipo.

Tatizo la pili ni la kisanaa na ni gumu zaidi. Watazamaji wengi walisoma picha iliyopauka kuwa mto uliochafuliwa, hata walipokuwa wamesimama mbele ya maelezo yanayosema vingine. Kupauka kuna maana yake machoni pa watu, na jedwali halishindani nayo. Aliondoa maneno "kabla ya kiwanda" na "baada ya kiwanda", akaweka umbali kutoka chanzo kwa kilomita. Ilisaidia kiasi. Jozi ya K1, iliyokuwa nyeusi zaidi na ya kupendeza zaidi, ilisomwa kuwa ushahidi wa usafi, wakati kilichoipa weusi ni kitu kilichomo majini vilevile.

Kwa hatua inayofuata, daftari linaorodhesha mambo machache ya utekelezaji: kuchota maji siku tatu tofauti za wiki kwa kila kituo; kuandaa vipande vitatu kwa kila chupa ili kipande kimoja kikiharibika kisibaki pengo; kupima ugumu na pH palepale mtoni kabla maji hayajakaa kwenye dumu; na kuchapa negativu moja, ya K3, kwa maji ya vituo vyote vitano, ili mandhari isiingilie kabisa. Jambo la mwisho lilipaswa kufanywa tangu kiangazi cha kwanza, na linahitaji jioni moja tu ya kazi.